Shahidi wa Pili wa Neno "Posh"

Nakiri kosa langu bila kupunguza kitu. Mimi ni mlinzi wa maghorofa katika mtaa wa Observatory, na misimu ya zamani ya Kiingereza, yaani maneno ya mitaani, nimejifunza mwenyewe kwa miaka kumi na moja, kila neno na kadi yake ya mashahidi na tarehe. Asili ya neno siipokei bila mashahidi wawili, kama vile kanisani kwetu Bertrams hatupokei shitaka juu ya mzee wa kanisa pasipo wawili. Utaratibu huo najivunia hadi leo.

Jumapili iliyopita mchungaji alinipima kama nafaa kuwafundisha wageni Kiingereza. Nikaeleza "posh", yaani kitu cha kifahari: kwamba ni herufi za mwanzo za maneno manne, zilizopigwa chapa kwenye tiketi za matajiri waliokwenda India kwa meli na kutaka vyumba vya upande wa kivuli.

"Papa Kasongo, hiyo ni hadithi tu," akasema Riziki, msusi wa Hillbrow, simu mkononi. "Tiketi hiyo hakuna aliyewahi kuiona."

"Mwanangu, nina mashahidi wawili," nikajibu, nikiinua kadi. "Wa kwanza ni mzungu mstaafu wa pale ninapolinda. Wa pili ni Mama Njeri wa benki. Mama, simama uthibitishe."

Mama Njeri akasimama polepole.

"Mimi? Si ni wewe uliniambia, Papa, kwenye harusi ya Baraka? Mimi nilikukumbusha tu baadaye, ukatoa kalamu ukaandika."

Mchungaji akaomba kadi. Tarehe ya ushahidi wa Mama Njeri ilikuwepo, kwa mwandiko wangu safi: wiki moja baada ya harusi.