Kiganja Kwenye Mlango wa Friji

Fundi wa friji ana kamera ya kuonyesha joto, lakini kwanza lazima aguse. Mzee, kajikalia kwenye stuli jikoni kwa binti yake, anamtazama akiibandika friji kiganja kama mama anayempima mtoto homa, huku akiibembeleza, "Pole, bibie, unaumwa wapi?" Ndipo huivua kamera shingoni, na ikikubaliana naye hucheka peke yake kama aliyefunga bao. Vidole vyake vinene hubonyeza vitufe kwa adabu, utadhani ni vya kuazima. Kwenye kioo, baridi ni buluu, joto ni njano. "Unaona, mzee? Mpira wa mlango umelegea hapa chini, baridi yote inatoroka." Kamera ikapanda taratibu hadi kwenye kishikio, na hapo pembeni ikang'aa alama ya joto ya kiganja, ya njano, ya sasa hivi, yenye vidole vinne. Mzee akaukumbuka msumeno uliomla kidole enzi za useremala. Akaikumbuka na keki ya wageni, aliyoidokoa humo ndani binti yake alipokwenda kumfungulia fundi. Fundi hakugeuka. Alikohoa tu, akakandamiza kiganja chake kipana palepale, akatulia nacho kidogo, akakiondoa.

"Hebu nami nione," binti akaingia jikoni, akainamia kioo. "Mkono wa nani huu?"

"Wangu, dada. Ndiyo tabia yangu, nagusa kabla ya kupima."

Binti akavihesabu vidole kwenye kioo, akapata vitano. Mzee akautia mkono wake mfukoni, na krimu yake.