Kioo Hakikunjiki

Katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bi Mkunjo, na jina likamkaa kama ngozi. Kazi yake ilikuwa kukunja. Karatasi kubwa ilitoka mashineni ikiwa na kurasa nane mbele na nane nyuma, safu ya chini imesimama wima, safu ya juu imelala kichwa chini. Kwa mtu wa nje ilikuwa fujo tupu: ukurasa wa kwanza umekaa ubavuni mwa wa kumi na sita, wa nane unaning'inia juu ya wa kwanza kama popo. Bi Mkunjo aliipiga karatasi mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, akapitisha kibao chake cha mfupa juu ya mikunjo kwa nguvu, na zile kurasa kumi na sita zikajipanga kama watoto waliosikia kengele. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na hakuna kitabu kilichorudishwa kwa kosa la mkono wake.

Lakini kinyozi hajinyoi. Binti yake wa miaka tisa hakuweza kusoma hata kimoja kati ya vitabu alivyokunja mama yake.

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajafumbua macho asubuhi. Na macho ndiyo yaliyokuwa tatizo. Daktari wa macho alimpa miwani minene, akasema itasaidia kidogo tu. "Si kipofu, na si mjinga," alisema. "Herufi za vitabu vya shule anaziona kama sisimizi. Mpeni herufi kubwa." Ushauri mzuri, kama vile kumwambia mwenye njaa ale. Vitabu vya shule vilichapwa kwa kipimo kimoja, na Bi Mkunjo alikijua kipimo hicho kuliko alivyojua alama za mikono yake.

Kwa miaka miwili Chiriku aliishi kwa ujanja. Jirani yake wa dawati alimnong'oneza sentensi, naye akaitoa kwa sauti na madoido, mpaka kitabu chenyewe kikaonekana kimepungukiwa. Siku mwalimu alipomhamisha yule jirani, hadithi ikaisha.

"Mama Chiriku," mwalimu alimwambia, "mwanao ana maneno mengi kuliko kitabu. Jumatatu ya mwisho wa mwaka kila mtoto atasoma ukurasa nitakaouchagua mimi. Asiyesoma, anarudia darasa la tatu."

"Na macho yake, mwalimu?"

"Asome kwa miwani, asome kwa darubini, asome kwa hivyo vifaa vya siku hizi. Mradi asome mwenyewe, na kiwe kitabu hiki hiki cha darasa."

Jambo lililomuuma Chiriku ni kwamba mdogo wake, Kibonge, alikuwa darasa la pili na angepanda kumkuta pale pale. "Nikae dawati moja na Kibonge?" alilia. "Heri niache shule nikauze maji!"

Ndiyo maana Bi Mkunjo alichukua akiba aliyoiwekea cherehani, akamshika mtoto mkono, wakaenda kutafuta kifaa cha kusomea vitabu.

Duka lilikuwa na taa nyingi kuliko bidhaa. Muuzaji, kijana wa ndevu zilizochongwa kama kwa rula, aliweka vifaa vitatu mezani.

"Mama yangu, kwa mtoto chukua hiki," alisema, akisukuma kimoja chenye gamba la waridi. "Kina rangi, kina katuni, kina michezo mia mbili. Hatakusumbua tena."

"Nani kakwambia ananisumbua? Nataka vitabu."

"Na vitabu vimo humo humo, chini ya michezo."

Bi Mkunjo alikipima kwa viganja, akapitisha kidole pembeni, akakinusa.

"Mama, unakinusa?"

"Gundi mbaya hujulikana kwa pua."

"Hakina gundi, mama."

"Basi kitabanduka."

Chiriku akacheka mpaka miwani ikamshuka. Lakini alipokitazama kile kioo kinachong'aa, machozi yakamtoka. "Kinanichoma," alisema. Cha pili kilikuwa kizito kama tofali. Cha tatu kilikuwa cheusi, chembamba, na uso wake haukumeremeta. Ulikuwa wa kijivu kama karatasi ya gazeti. Muuzaji akaonyesha jinsi ya kukuza herufi. Chiriku alikisogeza hadi puani, kama alivyozoea. Kisha akakirudisha nyuma. Akakirudisha tena, mpaka mkono ukanyooka wote.

"Mama," alisema taratibu, "naziona kwa mbali."

Bi Mkunjo hakuwa amewahi kumwona mwanawe akishika maandishi mbali na pua. Akamgeukia muuzaji. "Kina vitabu vya Kiswahili?"

"Mama, hiki kinabeba maelfu ya vitabu!"

"Sijauliza kinabeba vingapi. Hata punda hubeba. Nimeuliza Kiswahili."

"Vipo, mama. Dunia nzima imo humo."

Wakakinunua. Na hapo ndipo Bi Mkunjo alipojua kwamba amelipia mlango, ufunguo akabaki nao mtu mwingine.

Kwanza, kifaa kilitaka mwaka wa kuzaliwa wa msomaji. Bi Mkunjo, mtu mwaminifu, akaandika mwaka wa Chiriku. Kikamkataa kwa maandishi makubwa: umri hautoshi. Saa ya chakula cha mchana akakimbia dukani na kifaa mkobani.

"Uliandika wa mtoto?" Muuzaji alimhurumia. "Mama yangu, mashine haiambiwi ukweli."

"Mnauza kifaa cha mtoto kinachomkataa mtoto?"

"Ndio utaratibu."

Utaratibu! Neno hilo Bi Mkunjo alikuwa amelisikia kila mahali palipokuwa na mlango uliofungwa. Muuzaji akabonyeza hapa na pale, na Chiriku akageuka mwanamke wa miaka arobaini mwenye anwani ya barua pepe.

"Hongera, shoga," Bi Mkunjo alimwambia binti yake jioni. "Sasa tuko rika moja. Nenda kapike."

Kisha wakatafuta vitabu. Kifaa kilikuwa na orodha ya lugha, ndefu, yenye lugha ambazo Bi Mkunjo hakujua zinazungumzwa upande gani wa dunia. Aliipitia mara mbili kwa kidole. Lugha ambayo watu hupatania sokoni, hushitakiana mahakamani na huliliana misibani, lugha iliyomlisha yeye na kiwanda kizima, haikuwemo. Hapakuwa na kosa wala hitilafu. Mtu fulani mahali fulani alikaa kwenye kiti, akaandika orodha, na hakuikumbuka.

Alipoandika neno Kiswahili kwenye kisanduku cha kutafutia, vikaja vitu viwili: kitabu kilichotafsiriwa na mashine, sentensi zake zikitembea kama mlevi, na kijitabu cha kuwafundisha watalii maneno ya safari. Wakafungua cha watalii. Chiriku akakuza herufi, akanyoosha mkono.

"Ho-te-li i-ko wa-pi?" alisoma. "Na-omba chu-mba che-nye... ki-yo-yozi."

Kibonge akapiga makofi. Chiriku akapata kiburi: "Gha-li mno! Pu-nguza bei!"

Bi Mkunjo akageukia dirishani. Mtoto aliyekuwa hakwami hata siku moja sasa alikuwa anakwama, na kule kukwama ndiko kulikokuwa kusoma kwenyewe. Lakini furaha haikumaliza hata dakika. Mwanawe, wa nyumba inayoishi kwa vitabu, kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha mgeni anayetafuta hoteli!

Kilichobaki ni kitabu cha darasa, na hicho alijua kilipo. Kilichapwa kiwandani kwao, chembamba, cha kurasa kumi na sita, kuhusu mbuzi aliyepanga foleni hospitalini. Ijumaa ya kabla ya mtihani akamfuata meneja. Meneja akasema faili ni mali ya mchapishaji, akampigia mchapishaji. Mchapishaji akasema sawa, kwa mtoto huyo mmoja tu. Bi Mkunjo akashuka mbio hadi kwa fundi anayetengeneza sahani za kuchapia, ambaye wote walimwita Fundi Sahani, na ambaye tayari alikuwa amevaa koti la kuondokea.

"Nikupe faili lipi, dada?"

"Lile lile tunalochapia. Sitaki la kubahatisha."

Fundi akalifungua. Bi Mkunjo akainama, kidole chake kikatembea juu ya kioo cha kompyuta kwa haraka ya miaka kumi na tisa. "Moja kwa kumi na sita. Nane kichwani pa moja. Nyuma, mbili kwa kumi na tano. Sawasawa, hakuna uliopotea. Weka."

Fundi akaliweka kwenye flashi, akazima kompyuta, akaenda zake kwenye harusi ya binamu yake.

Jumamosi asubuhi jirani mwenye kompyuta aliwahamishia faili. Chiriku akalifungua, akanyamaza. Na Chiriku kunyamaza ni habari.

"Mama, kitabu kimevunjika."

"Kimevunjika vipi?"

"Mbuzi yuko kichwa chini. Na hapa mwanzo, pembeni yake imeandikwa mwisho."

Bi Mkunjo akatazama: kurasa nane kwenye kioo kimoja, kama zinavyotoka mashineni. Fundi hakukosea. Alimpa alichoomba. Ni yeye aliyelikagua faili kwa macho yake na kusema sawasawa, kwa kuwa kwa macho yake lilikuwa sawasawa. Hivyo ndivyo alivyoviona vitabu kila siku, kabla ya mikono yake kuvikunja. Na sasa mikono ilikwisha kukishika kifaa pande mbili, ikitaka kufanya kazi yake.

Kioo hakikunjiki.

Akampigia fundi, simu imezimwa. Kiwanda kimefungwa hadi Jumatatu, saa ile ile ya mtihani. Akamtukana muuzaji na ndevu zake. Akawatukana walioandika orodha ya lugha. Akajitukana mwenyewe, kwa maneno ambayo Kibonge alikuja kuyarudia baadaye mbele ya wageni. Kisha akatoka uani, akachukua nguo zilizokuwa safi, akazifua.

Chiriku akamfuata, akachuchumaa karibu na beseni. "Mama, kwani nyie kazini mnajuaje ukurasa wa ngapi unafuata?"

"Hatujui. Tunakunja."

"Na kabla hamjakunja?"

"Kabla hatujakunja tunatengeneza..." Bi Mkunjo akaacha shati likazama. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akachana karatasi kutoka kwenye daftari. Akaikunja mara tatu, akafunua pembe moja moja na kuandika namba kwa kalamu nzito, moja hadi kumi na sita, kila namba ikielekea kichwa cha ukurasa wake. Kisha akaikunjua na kuilaza kitandani.

"Hii ndiyo ramani," alisema. "Namba ikisimama, soma. Namba ikilala kichwa chini, geuza kifaa chako."

Asikudanganye mtu kwamba mambo yakawa mteremko. Chiriku alivuta ukurasa kwa vidole viwili mpaka ukajaa kioo na herufi zikawa kubwa kama alivyotaka, lakini kifaa kilikuwa kizito cha kuelewa. Ukigusa vibaya, ukurasa wa tano unakimbilia wa kumi na mbili. "Kinanikimbia!" alilia, mara ya kwanza Jumamosi mchana, mara ya pili Jumapili. Mama alimkaripia, akamwomba radhi, akamkaripia tena. Kila kipindi kilipita katika kugeuza, kuvuta, kupoteza na kutafuta, wakati mtoto mwingine angefungua kitabu tu. Jambo hilo lilimkera Bi Mkunjo mpaka meno yakamuuma.

Jumatatu alisimama nje ya dirisha la darasa. Zamu ya Chiriku ikafika.

"Ukurasa wa kumi na mbili," alisema mwalimu.

Chiriku akafunua karatasi yake, akatazama, akavuta. Ukurasa ukamkimbia. Akavuta tena.

"Leo Chiriku kameza ulimi!" mmoja akasema, darasa likaangua kicheko. Chiriku akakigeuza kifaa, na kicheko kikazidi: "Tazama, kakishika kichwa chini!"

Akanyoosha mkono. "Mbu-zi a-ka-pewa na-mba," alianza. "Mu-u-guzi a-ka-mwambia, fu-ngua ki-nywa." Sentensi baada ya sentensi, polepole, bila doido hata moja. Katikati ya ukurasa akagonga neno, akakwama. Darasa likangoja. Mwalimu akafungua mdomo kumsaidia.

Chiriku akainua kiganja kama askari wa barabarani. "Mwalimu, usiniambie! Naliona." Akalitazama. "Ki-pi-ma... jo-to."

Akasoma mpaka mwisho.

Mwalimu alimfuata Bi Mkunjo nje. "Darasa la nne," alisema. Kisha akashusha sauti. "Ila la nne lina vitabu saba, mama. Na ninao wengine wawili mle ndani wanaonusa vitabu kama mwanao."

Bi Mkunjo aliomba kalamu, akaandika majina ya vitabu vyote saba. Alifika kiwandani amechelewa, akaipita meza yake bila kuitazama, akapanda ngazi hadi ofisini.

"Umechelewa," alisema meneja.

"Vitabu saba, bosi. Mpigie mchapishaji. Mwambie si mtoto mmoja, ni watatu, na hao ni wa darasa moja tu. Na faili liwe la kabla ya kupangwa kwa kukunja."

"Bi Mkunjo, mambo haya yana utaratibu wake."

"Najua," alisema, akavuta kiti wanachokalia wateja, akaketi, akaweka kibao chake cha mfupa juu ya meza ya meneja. "Basi naungoja."

Chini mashine zilikuwa zinanguruma. Karatasi zilikuwa zinashuka mezani pake moja juu ya nyingine bila wa kuzikunja, ukurasa wa kwanza kwa wa kumi na sita, wa nane kichwa chini. Meneja aliusikia ule mlundikano ukikua kwa dakika kadhaa, kisha akanyanyua simu.