Namna Mbili za Kupiga Sarabanda

Wewe unayenisikiliza, pengine hujawahi kukiona kinanda ninachotaka kukueleza, wala usione haya. Hata Kibondo, kilipo, wengi hupita nje ya dirisha lake wakidhani ndani kuna kabati. Kwa hiyo tuanze taratibu. Ukibonyeza kibao chake kimoja, ndani kijiti kinaruka, na kwenye kijiti hicho kuna ukucha mdogo unaodonoa uzi. Basi. Watu wa Ulaya walikipenda sana kabla piano haijaenea, na kwa jina kinaitwa harpsikodi.

Jambo la kushika ni hili: kibonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti ni karibu ileile. Mpigaji hawezi kunong'ona, hawezi kupaza. Amebakiwa na muda tu. Noti ije lini, ikae kiasi gani. Ndiyo maana wapenzi wa kinanda hiki, hata leo, hata huko kinakotengenezwa, hawaelewani. Wengine wanataka kila noti ifike kwa wakati wake kama kengele ya shule. Wengine wanataka ichelewe, itangulie, ivute pumzi. Karatasi ya zamani ya muziki haiwaamulii, kwa sababu aliyeiandika aliacha mengi akijua watu wa siku zake wanayafahamu.

Mimi nilibishana juu ya hilo na mama mkwe wangu, na kwao jambo hilo halifanyiki.

Nimezaliwa Muyama, nafundisha sekondari Kasulu. Mke wangu ni wa Kibondo, katika familia iliyotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kama mimi. Si kila nyumba huku inashika miiko ya ukwe siku hizi, lakini nyumba yao inashika. Mkwe wa kiume hambishii mama mkwe. Hakai naye benchi moja. Hamgusi, wala yeye hamgusi. Wakiwa na neno zito, hupitia kwa mtu wa tatu.

Sasa mtu pekee aliyejua kukipiga kinanda hicho alikuwa yeye. Alifundishwa akiwa msichana na mtawa wa kigeni aliyekileta, naye akabaki akikitunza kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa parokia. Ukucha ukivunjika, alichonga mwingine kwenye plastiki ya dumu la mafuta. Mvua zikianza na nyuzi zikalegea, alizikaza mwenyewe, moja baada ya nyingine, akiwa ametega sikio kama anayemsikiliza mtoto mgonjwa.

Mtawa alimfundisha kwa mikono. Alikaa kando yake, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha msichana, wakapiga pamoja mpaka kidole kikajua chenyewe. Nilipooa na kuomba nifundishwe kila nikija likizo, njia hiyo haikuwepo. Mama alipiga mimi nikiwa nimesimama nje ya dirisha. Akimaliza alitoka, mimi nikaingia, yeye akakaa mlangoni na ushonaji wake. Nilichokosa kwake nilikitafuta kwenye simu. Huko nikawakuta wapigaji wanaoachia mkono wa kushoto utangulie, wanaotawanya sauti nne zilizoandikwa zilie pamoja kama mtu anayemwaga maharage polepole kwenye ungo. Nilipenda. Nikaanza kupiga hivyo, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Vidole vya Mama vilikuwa vimeanza kuvimba kwenye viungo. Mwaka huo Paroko alipata ujumbe kutoka chuo kimoja cha mjini: wanakihitaji kinanda, wanafunzi wao watakitumia. Paroko ni mtu mwenye haki. Alimwambia Mama, "Wewe ndiye unayekijua. Ukiniambia yupo hapa wa kukipiga, kinabaki. Ukiniambia hayupo, baada ya sikukuu ya parokia lori linakuja." Kisha akataka anisikie mimi, mbele yake Mama.

Elewa nilivyokuwa. Tangu Kakonko mpaka Kasulu sijui kinanda kingine cha namna hii. Kikiondoka, ningebaki na simu.

Tulichagua sarabanda. Ni dansi ya zamani, ya polepole, inakwenda kwa mapigo matatu na la pili ndilo zito. Ina vipande viwili, na kila kimoja hupigwa mara mbili. Siku za likizo zilizobaki nilijizoeza, Mama mlangoni na sindano yake, mke wangu kwenye kiti katikati yetu. Mke wangu hajawahi kupiga hata noti moja.

"Mwambie mkwe wangu," Mama alisema bila kuinua macho, "mkono wa kushoto na wa kulia walizaliwa siku moja."

Mke wangu alinigeukia. "Umesikia."

"Mwambie Mama, Wafaransa wa zamani waliachia besi itangulie kidogo, ili sikio lijue kuna jambo linakuja."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Muulize, hao Wafaransa walimwambia lini?"

"Anauliza walikwambia lini."

"Nimeona kwenye simu."

"Ameona kwenye simu, Mama."

"Ego, ndiyo. Kwenye simu hata mimi nimeona mbuzi anaendesha pikipiki."

Mke wangu aliuficha uso kwenye khanga. Mimi sikucheka. Nilirudia, nikachelewesha pigo la pili kama nilivyozoea, na kutoka mlangoni sauti ikaja tena, ya upole uleule: "Mwambie anapiga kama mtu anayetafuta chumvi gizani."

Jioni, mezani, nilimwambia mke wangu kwamba mama yake anapiga kama cherehani. Nilidhani neno hilo litaishia pale. Kesho yake Mama alikaa mlangoni, akakunjua kitambaa, akasema, "Mwambie mkwe wangu ahsante. Cherehani nzuri haishoni mshono mmoja mrefu na mwingine mfupi."

Nilimtazama mke wangu. Akatazama dirisha.

"Mimi sasa ni waya wa simu," aliniambia tukirudi. "Napokea huku, natoa kule. Sikiliza, baba watoto. Siku ya Paroko piga anavyotaka yeye. Ukishapewa ufunguo, funga mlango, uchelewe mpaka utosheke."

"Atajua namdanganya."

"Atajua nini? Atasikia anachotaka kusikia."

"Wewe humjui mama yako akiwa kwenye kinanda."

"Na wewe humjui akisema hapana," akanijibu. "Akisema hapana mbele ya padri, hata Baba alipokuwa hai hakuweza kumgeuza."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na chumba kilinuka mbao mbichi. Mama alikuwa amezikaza nyuzi tangu asubuhi. Niliona amefunga vidole viwili kwa kitambaa. Paroko alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta. Mama alikuwa mahali pake mlangoni, safari hii bila ushonaji. Mke wangu katikati. Mimi peke yangu kwenye benchi.

Nilianza kwa shauri la mke wangu. Mikono pamoja, mapigo sawa, vinoti vya mapambo vichache. Kila kitu kilifika kwa wakati wake na kila kitu kilikuwa kimekufa. Ulikuwa usawa wangu, kama wa mtu anayehesabu magunia, na haukufanana na wa Mama. Nilimwona Paroko akitazama viatu vyake. Nilipofika mwisho wa kipande cha kwanza, nikitakiwa kukirudia, sikuweza kuendelea hivyo. Nikauachia mkono wa kushoto utangulie. Nikatawanya sauti. Nikalisubirisha pigo la pili.

Nyuma yangu kigoda kilikwaruza sakafu.

Nilisikia kandambili zake zikija, nikadhani anatoka nje. Hakutoka. Alikuja mpaka kando ya benchi, na mkono wake, wenye kitambaa, ukatua juu ya kifundo cha mkono wangu wa kulia.

Kwa Paroko, aliyetoka mkoa wa mbali, huo ulikuwa mkono wa mwalimu juu ya mkono wa mwanafunzi. Mke wangu alisimama, akageukia ukuta. Mimi nilianza kuuvuta mkono wangu kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

"Usiuondoe," Mama alisema. Hakusema mwambie. Alisema na mimi. "Piga."

Nikapiga. Moyo ulikuwa ukinidunda mpaka nikaogopa atausikia kwenye mshipa. Kiganja chake kilikuwa kikavu, chepesi, nacho kilifanya kitu ambacho sikukitegemea. Hakikunisukuma niwahi. Kilikuwa kikiuinua mkono wangu. Noti hii kiliuinua mapema, noti ikakatika. Inayofuata kiliulaza, noti ikakaa mpaka jirani yake alipofika. "Hii ikate," alisema polepole. "Hii iache. Iache. Sasa ikate." Noti zake zilianza sawasawa, hilo nilikuwa nikilisikia miaka yote na kuliita cherehani. Namna zilivyoisha ndiyo haikuwa sawa hata kidogo. Kulikuwa na vijinafasi vya kimya kati yake, vingine vyembamba kama uzi, vingine vya kutosha mtu kuvuta pumzi, na pigo la pili lilisikika zito kwa sababu ya ukimya uliolitangulia. Nilipokuwa nikisimama dirishani nilikuwa nimetega sikio mahali noti zinapoingia tu.

Nikaingia kipande cha pili. Kwenye sauti nne za kwanza vidole vyangu vilizitawanya, kwa mazoea. Akanipiga kifundo, kidogo tu.

"Oya. Hapana."

Niliendelea mpaka mwisho wa kipande, mikono pamoja. Kisha ikaja kurudia, na sauti zile nne zikawa mbele yangu tena. Nilijua kinachoningoja. Nilijua pia kwamba zinapendeza zikitawanywa, na kwamba nikizibana kwa sababu ya lori nitakuwa nampa Mama mkono usio wangu. Nikazitawanya, polepole, makusudi.

Kiganja kilikaa kimya. Hakikunipiga. Hakikuondoka pia. Tulikwenda hivyo mpaka noti ya mwisho, naye akaushikilia mkono wangu chini mpaka uzi ukanyamaza wenyewe. Ndipo akauondoa wake na kurudi kwenye kigoda.

Paroko alikohoa. "Basi, Mama. Tuseme nini? Yupo wa kukipiga?"

"Hajui," Mama alisema.

Mke wangu aligeuka kutoka ukutani. Mimi nilitazama vibao.

"Kwa hiyo kiende?" Paroko aliuliza.

"Kiende wapi? Nimesema hajui. Mwanafunzi hajamaliza, wewe unachukua dawati?"

"Nilikuuliza kama yupo wa kukipiga, Mama."

"Yupo wa kukikosea. Anakikosea kwa bidii, na anajua anachokikosea. Huko chuoni wana wangapi wa hivyo?" Alikuwa akikifungua kitambaa kwenye vidole vyake, bila haraka. "Kinabaki, Padri. Nikifa atakuwa bado anakosea. Utamtafuta mwingine wa kumsahihisha."

Paroko alinitazama, akamtazama, akaonekana kama mtu aliyetumiwa mzigo asioujua. "Nitawaandikia chuo," alisema mwishowe. "Nitawaambia bado kinatumika."

Tulirudi nyumbani kwao. Huko mke wangu alisema, "Amekugusa," kwa sauti ya mtu anayeripoti moto.

Suala hilo halikwisha kirahisi. Alikuja baba mdogo wa mke wangu kutoka Kakonko, wakakaa, ikaletwa pombe ya ndizi na kuku mmoja, nikaitwa na kuulizwa kama nilimvunjia mama mkwe wangu heshima. Nikasema sikumgusa, niliguswa. Mzee akauliza kama ni kweli kinanda kile hakifundishiki kwa maneno. Mama alijibu kutoka chumba cha pili kwamba hakifundishiki. Wakaamua hivi: kwenye benchi, inaruhusiwa. Mezani, hapana. Njiani, hapana. Mpaka leo tunakwenda hivyo. Akiwa amekaa kando yangu ananigombeza moja kwa moja. Akiinuka tu, anamtafuta binti yake wa kunifikishia salamu.

Hatujapatana. Bado anasema natafuta chumvi gizani. Nikimwekea kwenye simu mpigaji maarufu anayetawanya sauti kama mimi, anasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, anasema, "Huyu naye alikosa wa kumshika mkono." Nikimwekea wa upande wake, anasema yule anakimbia. Nami bado naamini zile sauti nne zinataka kutawanywa, na kila tukizifikia nazitawanya, na kiganja chake kinakaa juu ya kifundo changu bila kusema kitu.

Ukitaka kuanza kukisikiliza kinanda hiki, usiharakishe kuchagua upande. Tafuta rekodi mbili za sarabanda moja, zilizopigwa na watu wawili tofauti, fuata sauti ya juu tu, ile inayobeba wimbo, na katika kila rekodi sikiliza mahali noti zinapokatika.