Msumari wa Buibui

Kila asubuhi Mejumaa alitundika buibui lake kwenye msumari nje ya maabara ya chuo, kisha akavaa koti jeupe ambalo halikuruhusiwa kutoka nje ya mlango ule. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyechemsha visahani vilivyooteshewa vijidudu katika sufuria ya presha, vijidudu vife kabla ya kuosha, na ufunguo wa chumba cha sufuria hiyo aliuvaa shingoni.

Mwaka wa tisini na sita akaja Nekesa na cheti chake. Bwana Joab, mkuu wa maabara, akampa yeye ufunguo. "Bi Mejumaa, wewe sasa utaosha tu." Tangu hapo kila alipouona ufunguo kwenye shingo ile changa, roho ilimuuma.

Asubuhi moja Nekesa aliepua visahani mapema. Utepe uliobandikwa juu yake, ambao hutoka mistari myeusi vikiiva, ulikuwa mweupe pe. Mejumaa aliuona akanyamaza. Na aaibike, alisema moyoni, tuone cheti kitamfaa nini.

Saa nne mwanafunzi mmoja, Stacy, akaja kusaidia kuosha, kidole kina jeraha. Alipofunua kisahani, Mejumaa alimdaka mkono. "We mtoto, usiguse! Hivyo vibichi!"

Joab na Nekesa wakaja mbio. "Umejua tangu lini?" Joab akamuuliza Mejumaa.

"Tangu asubuhi."

Nekesa alikuwa akilia. "Mama, si ungeniambia tu?"

 Mejumaa alivua koti akalitia kwenye kapu la nguo za kuchemshwa, akanawa mpaka viwikoni, akatwaa buibui lake msumarini, akashika njia ya kwao Bondeni. Hakurudi tena.