Mstari wa Mtupo Huru

Fundi wa viwanja vya mpira wa kikapu hapa Tucson hupiga magoti kabla hajasalimu. Humwaga maji kiwanjani, huliachia jua liyanywe, kisha huweka sarafu katika kila kidimbwi kilichobaki. Ikifunikwa na maji, hapo pana bonde la kuziba. Kila kitu hukikagua kwa kidole gumba. Nyumbani kwa Ernesto alipima mstari wa mtupo huru mara mbili, akapiga mluzi.

"Bosi, huu uko futi kumi na tatu kutoka ubaoni. Unatakiwa kumi na tano."

Ernesto, bingwa wa mitupo hiyo katika ukoo mzima kwa miaka tisa, akamwinamia. "Uache hapohapo, kaka."

"Shemeji yako alinipigia jana," alijibu fundi bila kuinua kichwa. "Alisema utaniomba hivyo."

Akabandika utepe kwenye kumi na tano, akaulainisha kwa kidole gumba, polepole.