Sauti ya Mwalimu Gracien

Ukitaka kumjua Gracien, usianze na sura. Sura yake ni ya kawaida tu: mtu mfupi, kipara kinachoanza, mgongo uliozeeka kabla ya mwenyewe. Anza na sauti. Sauti ile, jamani! Kuanzia Alief mpaka Stafford, pembeni mwa Houston, na kule Euless, karibu na Dallas, kwa wanaofanya kazi uwanja wa ndege, hakuna Mkongomani asiyeijua. Mtu angemsikia akiuliza bei ya unga dukani Sugar Land, angegeuka nyuma: "Eh! Si wewe yule mwalimu wa kwenye simu?" Naye angetabasamu, akanyoosha kola, na siku yake nzima ikawa nyepesi.

Usimcheke. Mwalimu alikuwa kweli. Uvira alifundisha sayansi darasa la sita kwa miaka tisa. Alikuwa anaweka moyo wa mbuzi mezani na kumwambia mtoto shika, usiogope, hapa ndipo damu inapoingia. Vita vikamtoa mbio. Kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania, akafundisha tena chini ya turubai. Kisha ndege ikamleta Houston, na Houston haikuwa na haja na mwalimu, ilikuwa na haja na mgongo. Akapata kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala moja la Stafford. Msimamizi wake, kijana mdogo wa kumzaa, alishindwa kutamka Gracien, akaamua kumwita Grayson. Miaka minane aliitika Grayson. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo ugonjwa wote ulipoanzia.

Ndipo akaja Bwana Lieven.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp, Kijiwe cha Fikra, watu mia nne na kitu, Wakongomani na Warundi wa Texas na ndugu zao waliobaki kambini. Lieven alikuwa Mbelgiji, mzee wa mji wa Ghent, aliyewahi kujenga barabara upande wa Bukavu ujanani mwake. Nani alimwingiza humo, mpaka leo hakuna anayekiri. Kiswahili alikuwa nacho cha kazini: leta maji, chimba hapa, jambo sana wandugu yangu. Mengine yote aliandika kwa Kifaransa, na aliandika, loo! Mzee yule alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Mkate wa Marekani ni sponji. Mtu asioge kila siku. Vyama vya siasa vyote baba yao ni mmoja. Ulaya imekufa zamani, imebaki kuzikwa tu. Wanasayansi wa vyuo vikuu wamenunuliwa wote, kuanzia wa nyota mpaka wa minyoo. Mchana kutwa alikuwa mitandaoni akibishana na wazungu wenzake, kisha anatuletea picha za mabishano yenyewe, na watu wakashangilia kama wako uwanja wa mpira.

Siku moja alimtoa jasho Mfaransa mmoja aliyesema vita vya Congo ni kosa la Wakongomani peke yao. Alimjibu aya kwa aya, akamtajia wenye makampuni, akamtajia wafalme. Kina mama walilia waliposomewa. Tangu siku hiyo Lieven akawa mtu wetu. Na hapa niseme wazi, maana kosa hili ni letu, hatukuazima kwa mtu: sisi mzungu akituambia kwamba wazungu wanadanganya, huyo tunamwamini moja kwa moja. Hatukumbuki kwamba naye ni mmoja wao.

Shida ilikuwa Kifaransa. Wengi kundini hawakisomi, hasa kina mama waliokulia kambini. Lieven akamwandikia Gracien pembeni: Mwalimu, wewe unaelewa sayansi, nisaidie kuwafikishia ndugu zako. Neno lile, Mwalimu, aliliandika kwa Kiswahili. Gracien alisoma ujumbe ule mara kumi. Alimwonyesha mkewe Clothilde, akamwonyesha jirani, akakaribia kumwonyesha msimamizi wake pia.

Basi ikawa kazi yake ya pili. Kila siku saa ya mapumziko, wenzake wakila, yeye alikuwa ndani ya gari lake nje ya ghala, kiyoyozi kinanguruma kwa sababu jua la Houston halina utani, simu mdomoni, anarekodi. Wala hakutafsiri kama kasuku. Alitia chumvi, akatia methali, akatia mfano wa sokoni Uvira. Maoni makavu ya mzee wa Ghent yalitoka mdomoni mwa Gracien yakiwa matamu, mtu anasikiliza huku anasonga ugali.

Mmoja tu ndiye aliyebisha. Nderitu, Mkenya, muuguzi wa Euless, aliandika kwa Kiingereza kwamba habari alizoleta Lieven, za kuacha dawa za presha, zitaua watu. Lieven akamjibu kwa mstari mmoja: muuguzi hutii amri, mwalimu hufikiri. Kundi likacheka siku mbili, Nderitu akajitoa. Gracien alijua kwamba Nderitu alisema kweli. Alicheka pamoja na wengine.

Sasa fuatana nami hapa polepole.

Mwaka ule surua ilionekana jimboni. Shule zilituma barua na zahanati zilipiga simu. Lieven hakuchelewa. Aliandika kwamba surua ni ugonjwa mdogo wa watoto, kwamba yeye na kaka zake walilazwa kitanda kimoja ili waugue pamoja na kumaliza, kwamba mwili ni fundi anayejitengeneza mwenyewe, na chanjo ni biashara ya wakubwa. Mwalimu, tafsiri.

Gracien aliisoma garini. Surua! Mtu wa kumwambia surua ni ndogo hakuwa yeye. Nyarugusu, mwaka ilipoingia kambini, ndiye aliyeshika daftari la mstari wa chanjo, akiandika jina, zoni, umri, na ndiye aliyefuta majina darasani mwake baadaye. Saba. Alianza kuandika: Bwana Lieven, hapa sikubaliani na wewe. Akaisoma. Akamkumbuka Nderitu na vicheko vya siku mbili. Akaona jinsi kesho yake itakavyokuwa bila yule wa kumwita Mwalimu, Grayson asubuhi na Grayson jioni. Akafuta. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, na akasema vizuri kuliko siku zote. Mwisho akaongeza ya kwake: "Na mimi, kama mwalimu wa sayansi, nasema jambo hili lifikiriwe."

Jioni Clothilde alimsubiri mlangoni, bado amevaa sare ya kazi ya kutunza wazee.

"Gracien, wewe? Wewe uliyeshika daftari la chanjo?"

"Ni maoni yake. Mimi natafsiri tu."

"Na hilo la mimi kama mwalimu wa sayansi, aliliandika yeye?"

Gracien akampita. Akasema amechoka, akaingia kuoga.

Jumapili, baada ya ibada, Rosette alimfuata kwenye maegesho ya kanisa. Rosette, Mama Glory, alikuwa jirani yao, ghorofa ya chini jengo lile lile. Mume hakuwa naye. Alikuwa na Glory wa miaka saba, aliyezaliwa kambini, na Mugisho, mwaka mmoja na mwezi mmoja, aliyezaliwa hapahapa Houston, mwenye mashavu na kelele za kutosha jengo zima. Siku hiyo alikuwa mgongoni, anavuta kitambaa cha kichwa cha mama yake.

"Mwalimu, nilisikia sauti yako. Jumanne niko na appointment ya huyu, ile sindano ya mwaka mmoja. Dada yake alichomwa kule kambini, hakupata neno. Sasa wewe unasema kufikiri. Mimi sikusoma, Mwalimu. Niambie tu. Nimpeleke ama nimwache?"

Watu walikuwa wanapita, wanamsalimia: Mwalimu, shikamoo, Mwalimu. Angeweza kusema mpeleke. Neno moja, herufi saba, na mambo yamekwisha! Lakini wawili watatu walikuwa wamesimama wanasikiliza, hao hao waliosikia sauti yake juzi. Angeonekanaje?

"Subiri kidogo kwanza," alisema. "Hakuna haraka."

"Asante, Mwalimu. Mungu akubariki," Rosette alisema. Jumatatu akapiga simu zahanati, akaifuta ile Jumanne.

Wiki ya nne Mugisho akaanza kukohoa. Macho yakawa mekundu. Siku ya tatu vipele vikashuka kutoka nyuma ya masikio, na Clothilde, alipoitwa kumtazama, hakuhitaji daktari wa kumwambia. Alipiga kelele moja tu, akamfunga mtoto shuka, wakakimbia naye hospitali. Mapafu yalikuwa yamekwisha kujaa. Gracien aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye kiti cha korido siku nne mfululizo. Aliomba Mungu kwa lugha zote alizonazo. Aliahidi kila kitu. Rosette akipita alimshukuru kwa kuja, na kila shukrani ilimwingia kama mwiba. Alhamisi saa nane mchana nesi alitoka akiwa amevua miwani yake, na Gracien akajua.

Alipofika nyumbani alimwandikia Lieven. Alimwambia mtoto amekufa, mtoto wa mama aliyefuata sauti yetu. Jibu lilikuja kabla hajavua viatu, aya tano ndefu. Lieven alisikitika. Ila mtoto mmoja, aliandika, si sayansi. Huenda alikuwa na udhaifu mwingine, huenda ni dawa za hospitali, na katika huzuni watu huwa mawindo ya woga. Mwisho: Mwalimu, tafsiri haya leo, ndugu zetu wasiyumbe.

Matanga yalikaa kwa Rosette. Wanawake walijaza sebule, wameketi chini kwenye mikeka, wanaume nje kwenye viti vya plastiki kando ya magari. Clothilde alikuwa ndani na hakuwa amesema na mumewe tangu Alhamisi. Kwa desturi yetu tangazo la kifo hupita kundini kwa sauti, ili na waliobaki kambini wasikie, na kwa miaka mitano kila aliyekufa Houston au Dallas alitangazwa na Gracien. Maneno yake yanajulikana: ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ugonjwa hautajwi. Kutaja ugonjwa ni kumvua marehemu nguo.

Kaka mkubwa wa Rosette, aliyetoka Fort Worth, akamjia. "Mwalimu, tunaomba ututangazie kama kawaida."

Kabla hajajibu, Rosette mwenyewe akatoka. Kitenge kilikuwa kimemlegea kiunoni na sauti ilikuwa imebaki nusu. Wanaume wakasimama.

"Atangaze yeye, ndiyo," alisema. "Lakini si kama kawaida. Aseme surua. Amtaje mwanangu jina, aseme surua."

"Mama Glory, dada yangu, desturi..." kaka alianza.

"Desturi gani? Watoto wangapi humu hawajachomwa kwa sababu ya sauti yake? Mama Ella hajampeleka wake. Matumaini hajampeleka. Wote wanasubiri." Akamgeukia Gracien, na sasa hakumwita Mwalimu. "Baba, wewe ulijua? Niambie tu. Clothilde amenieleza habari ya lile daftari la kambi. Siku ile kanisani, ulijua?"

Gracien alitazama chini, kwenye lami. Hata kule Nyarugusu alipofuta yale majina saba hakuwa amejichukia namna hii.

"Nilijua," alisema.

Hakuna aliyempiga. Wangempiga ingekuwa afadhali. Rosette alimtazama, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mahali kitu chake kilipopotelea.

"Basi na hilo uliseme," alisema, akarudi ndani.

Gracien akaingia garini. Simu ilikuwa bado imefunguka kwenye aya tano za Lieven, zinasubiri. Akazipita, akaingia kundini, akabonyeza. Hakutia methali wala mfano. "Mimi Gracien. Mugisho, mtoto wa Rosette, mwaka mmoja na miezi miwili, amefariki Alhamisi kwa surua. Hakuchanjwa. Mama yake aliniuliza, mimi nikamwambia asubiri. Nilijua surua inaua. Niliwazika wanafunzi wangu saba kwa surua Nyarugusu. Nilijua, na nilimwambia asubiri, kwa sababu nilitaka kuitwa Mwalimu. Wapelekeni watoto kesho asubuhi. Mazishi ni Jumamosi." Akaachia kidole.

Dakika ikapita. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe kupitia mlango uliokuwa wazi, kutoka simu moja, halafu ya pili, halafu sita saba kwa pamoja zikipishana maneno, amefariki, nilijua, asubiri, nilijua. Kilio kikapanda juu yake, kikaifunika.

Simu ikatetemeka mkononi. Wa kwanza kujibu kundini alikuwa Lieven, ambaye kwa Kiswahili hakujua zaidi ya leta maji na chimba hapa. Aliona sauti ya Gracien imeingia, akadhani ni zile aya zake tano.

"Asante sana, Mwalimu," aliandika kwa Kifaransa chake. "Wewe unaeleza vizuri siku zote."