Haina Mwenyewe

Kati ya picha zote nilizowahi kuchora, ile ninayojivunia zaidi ilikatwa sehemu ya chini, ikaandikwa maneno ya Biblia juu, ikafika kanisani kwetu Nuu kabla mimi mwenyewe sijajua imetoka nyumbani.

Ilikuwa kadi ya tarot. Kwa asiyezijua, hizo ni kadi sabini na nane zenye picha, na watu wengi huzitumia kubashiri. Mimi sibashiri kitu. Hata mvua ya Novemba hunishinda. Nilipenda picha tu, nikaamua kuchora seti yangu yenye watu wa kwetu badala ya wafalme wa Ulaya. Kwenye kadi ya Nyota, ambapo kwa kawaida mwanamke humimina maji kutoka mitungi miwili, nilimchora mama yangu amepiga magoti kwenye mchanga wa mto mkavu, akichota maji kwa kibuyu alfajiri, nyota bado ziko juu yake. Niliichorea kwenye simu, huko Mwingi ninakofundisha, nikaiweka mtandaoni, jina la kadi na langu yakiwa chini. Niliandika kwamba anayetaka kushea ashee, lakini asiuze na asiondoe jina.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kwa ajili ya Jumapili ya akina mama. Jumamosi hiyo nilimkuta mama na wenzake kanisani wakikunjua bango jipya, nami kwa kiherehere changu nikashika ncha moja. Lilipofunguka nikaona kibuyu, kisha magoti, kisha zile nyota. Jina la kadi halikuwepo, wala langu. Juu palikuwa na maneno kuhusu maji ya uzima.

Damu ilinipanda. Niliuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, picha hiyo imetoka wapi. Mwenyekiti wa akina mama, mtu mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alisema waliichagua kwa simu, wakampelekea mchapishaji, naye akaipunguza ili itoshee.

“Hiyo ni ya mtandao,” akaniambia. “Haina mwenyewe.”

Mwenyewe alikuwa amemshikia bango.

Nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Kusema ni yangu kungenilazimu kusema ni nini, na kanisani kwetu kadi za kubashiri ziko kapu moja na uchawi. Tena mchuma janga hula na wa kwao. Mimi ningerudi Mwingi Jumatatu; mama ndiye angebaki na macho ya watu kila Jumapili. Nilifunga kamba, nikasifu bango, nikaenda zangu nikiwa nimevimba.

Nyumbani, tukila muthokoi wa mahindi na maharagwe, nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia mama kila kitu, kadi na yote. Nilimweleza kwamba kisheria picha ni ya aliyeichora tangu anapoichora, na kwamba kuiweka mtandaoni si kuitupa barabarani, na mtu akiitaka aombe. Nilipiga hotuba ndefu sana. Mama alimaliza chakula chake, akaweka sahani chini.

“Na mimi uliniuliza?”

Sikumwelewa.

“Huyo mwanamke ni mimi,” akasema. “Nilijijua kwa vile nimekaa. Uliniomba lini?”

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mwaka mzima nilikuwa nimemweka mama yangu mzazi mbele ya watu wa dunia nzima, halafu hapa napigia kelele wezi. Nikamwambia, “Mwaitu, nakuomba sasa,” kama tunavyomwita mama kwa Kikamba. Alitaka kwanza kujua kadi hiyo huwa na maana gani. Nikamwambia ni tumaini linalobaki baada ya mtu kupigwa na mambo.

“Hiyo nakubali,” akasema. “Lakini kesho useme ni kazi yako. Sitaki kukaa hapo ukutani kama mtu hana watoto.”

Nilimkumbusha watu watakavyosema. Akaniuliza kama nafikiri wamengoja kadi zangu ndio waanze kusema.

Kesho yake, wakati wa matangazo, nilisimama. Nilisema picha ile nimeichora mimi, nikasema ni kadi ya tarot, na kwamba sikuichora ili nitabirie mtu yeyote. Mchungaji aliniuliza, bila ukali, kama najua kadi hizo hutumiwa kufanya nini. Nikasema najua. Kabla hajaendelea mama alikuwa amesimama upande wa akina mama.

“Pastor, huyo kwa picha ni mimi,” akasema. “Hapo nachota maji ya mto, sitabiri kitu. Na mwenye alinichora ni huyu mtoto wangu. Ruhusa nilimpa jana.”

Akina mama ndio walioanza kucheka, mwenyekiti wao akiwa wa kwanza, na mchungaji naye akashindwa kujizuia. Hata hivyo alisema bango lishushwe baada ya ibada, kwa sababu ya wale ambao dhamiri zao zingesumbuka. Sikumlaumu, na bado simlaumu.

Ibada ilipokwisha mama hakungoja mtu alishushe. Aliazima kalamu nene kwa mwalimu wa Sunday school, akavuta kona ya bango ikanyooka, akanipa kalamu mbele ya watu waliokuwa wakitoka. Nilimnong’oneza kwamba kuandika hakuna faida, bango lenyewe linaondolewa sasa hivi.

“Bado liko,” akasema. “Andika kubwa.”

Nikaandika majina yangu yote matatu.